Swali kwa Fundi: Shilamu ya Kiko cha Baba

Wiki hii nina barua tatu zilizogusa kitu kimoja, shilamu ya kiko cha tumbaku, yaani ile sehemu inayowekwa mdomoni, nami nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenye kuiandika ana muda mfupi: baba yake mdogo anakuja mjini mwisho wa mwezi kuchukua urithi wake.

SWALI

Fundi, salamu. Baba yetu alituacha mwaka jana. Katika vitu vyake kuna kiko cha mbao alichonunua zamani akiwa kazini reli, na wazee wameamua kiende kwa baba mdogo, nduguye wa kumfuata, anayeishi Githunguri. Tatizo ni ile sehemu ya kuweka mdomoni. Ilikuwa nyeusi tititi, sasa imegeuka kijani cha kuchanganyika na kahawia, kama tope la bwawa. Ukiinusa ina harufu mbaya, na upande wa chini imetoboka kwa kuumwa. Muuzaji mmoja mjini ameniambia ataniwekea mpya, nichague kati ya ebonaiti, akriliki na pembe ya ng'ombe. Mwenyewe anaisifu akriliki, ati haichakai. Kaka yangu naye anasema nyumbani kwa babu kuna kipande cha zamani cha pembe ya ndovu, tutumie hicho kwa heshima ya mzee. Baba alizoea kuvuta ameketi, kiko mkononi. Baba mdogo yeye hukiacha katikati ya meno hata anapokamua ng'ombe. Nichague ipi?

Msomaji, Buruburu

JIBU

Ndugu yangu, poleni sana kwa msiba. Kabla ya habari ya ebonaiti na akriliki nina swali langu kwako, kwa sababu ukilipuuza hilo hakuna fundi atakayeweza kukurudishia kilichopotea. Chukua kiko, kipeleke dirishani, ukigeuze pole pole mpaka mwanga upite kwa ubavu juu ya sehemu ya mdomoni. Nyuma ya ule ukingo wa mwisho, pale meno yanaposhika, utaona vishimo. Labda viwili juu, viwili chini. Hayo ni meno ya baba yako. Je, mnataka yabaki au yaondoke?

Nauliza kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea hapa Kariokor kiko cha marehemu mumewe, akaniambia nikisafishe kiwe kama kipya. Nami nikafanya kama nilivyofundishwa. Ebonaiti, ule mpira mgumu mweusi, ina tabia moja ya ajabu: ukiipasha moto hurudi kwenye umbo lake la mwanzo. Niliipitisha juu ya mshumaa nikiizungusha bila kusimama, na vile vishimo vikaanza kujaa vyenyewe mbele ya macho yangu, taratibu, kama unga wa mandazi unavyoumuka. Nikapiga msasa, nikapaka nta, ikang'aa. Yule mama alipokuja alipitisha kidole gumba nyuma ya ukingo. Akarudia tena. Kisha akaniuliza, "Fundi, alama zake ziko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Alinilipa, akanishukuru, akaondoka nacho. Tangu siku hiyo sigusi kiko cha marehemu kabla ya kuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ile ya zamani msiitupe na msimpe mtu aisugue. Ivueni, ifungeni katika kitambaa cha pamba, iwekeni kwenye kisanduku mahali pa giza. Ibaki kwenu watoto. Baba mdogo achukue mwili wa kiko na shilamu mpya. Kiko kimoja kinaweza kuwa na shilamu mbili, tatu, hata nne katika maisha yake, nao si udhaifu wa kiko. Sehemu hiyo ndiyo inayoumwa, inayolowa mate na kupigwa na jua, na tangu hapo ilikusudiwa kubadilishwa.

Neno hilo, shilamu, nalitumia kwa makusudi. Watu wengi hapa Nairobi husema tu mdomo wa kiko, halafu tunachanganyikiwa tunazungumzia mdomo upi. Kiswahili cha Pwani kilikipa kiko majina kamili tangu enzi za kiko cha maji: bori ni kile kichwa kinachowekwa tumbaku, digali ni mti unaotoka borini kuingia majini, shilamu ni ule unaokuja mdomoni, na mlio wa yale maji mtu anapovuta waliuita malio ya kiko. Kiko cha baba yako hakina maji wala digali, lakini bori kinalo na shilamu kinayo. Kipande kinachotoka borini kupokea shilamu nitakiita shingo, na kile kijiti cha shilamu kinachoingia ndani ya shingo ni ulimi, kama maseremala wanavyoita.

La pembe ya ndovu niliondoe mara moja. Hapana. Sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013 imefanya kumiliki pembe ya ndovu bila kibali kuwa kosa, na kusema ilikuwa ya babu hakutakuondolea kesi. Nchi hii ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989 ndani ya Mbuga ya Nairobi, na mwaka 2016 ikachoma tani 105 mahali pale pale. Fundi atakayekubali kukuchongea pembe hiyo anakuingiza matatani na yeye mwenyewe anaingia. Mwambie kaka yako awapigie simu watu wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, aulize utaratibu wa kuisalimisha, tena apige kabla ya kuibeba kwenye gari.

Sasa tuingie kwenye hizo tatu.

Ebonaiti ndiyo iliyokuwa kwenye kiko cha baba yako. Rangi na harufu uliyoieleza haina shaka. Ni mpira. Ni utomvu ule ule wa mti unaotengenezewa tairi, ila tairi hutiwa kiberiti kidogo, asilimia chache tu, na ebonaiti hutiwa kingi, asilimia 30 hadi 40 hivi, kisha hupikwa kwa muda mrefu mpaka inakuwa ngumu kama mti. (Kiberiti hapa ni ile salfa ya manjano, si kijiti cha kuwashia.) Mmarekani Charles Goodyear ndiye aliyegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na kiberiti hubadilika, na nduguye Nelson akaandikisha ule mgumu mwaka 1851. Ulipewa jina la mti mweusi wa ebony, maana ulikusudiwa kushika nafasi yake.

Uzuri wa ebonaiti ni kwamba jino linaipenda. Ukiiuma inakubali kidogo, haikuparuzi wala haitoi mlio wa kigae. Inapigwa tupa vizuri, kwa hiyo fundi anaweza kuipunguza pale penye meno mpaka milimita 4 au chini kidogo, na mvutaji asihisi ana kitu kinene mdomoni. Ikihitaji kupindwa inapashwa moto na kupindwa. Ubaya wake umeuona: jua, hewa na unyevu huivuta ile salfa ije juu, na uso hugeuka kijani, halafu kahawia, halafu unaanza kuonja kama mpira ulioungua. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na jua letu ni kali. Kiko kilichowekwa kwenye kidirisha cha sebuleni huharibika haraka kuliko kilichowekwa kwenye droo. Nina hakika cha mzee kilikaa dirishani.

Akriliki ni plastiki ngumu, jamaa ya ile perspeksi ya herufi za mabango ya maduka mjini. Muuzaji wako hakusema uongo. Haigeuki rangi, haina ladha, inang'aa miaka na miaka bila kusuguliwa, na hupatikana kwa rangi yoyote, hata ya kuigiza kaharabu. Lakini ni ngumu. Mtu anayeshika kiko kwa mkono na kukigusisha midomo tu hataona tatizo. Mtu anayekibana kwa meno saa nzima ataona, kwanza kwenye meno, halafu kwenye taya. Mafundi wengi pia huiacha nene kidogo penye meno kwa kuogopa isivunjike, na unene huo unachosha mdomo. Tena ikishaumwa ikaingia vishimo, hairudi kwa moto kama ebonaiti. Itabidi kupigwa tupa au kujazwa. Na usiioshe kwa spiriti. Spiriti huiletea nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ambazo hazitoki tena. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha.

Pembe ya ng'ombe naipenda kwa moyo wote, na kama ungeniuliza nichague kwa macho ningeichagua. Nuru hupita ndani yake kama kwenye chai ya rangi. Ni laini kwenye meno, haina ladha, na malighafi imejaa hapa hapa, kuanzia machinjio ya Dagoretti. Lakini pembe ni tupu ndani, na ncha yake tu ndiyo iliyojaa, ndiyo inayofaa kutobolewa. Imejengwa kwa matabaka kama kucha, na unyevu wa mate ukichanganyika na joto la moshi matabaka huanza kuachana. Wadudu nao huila. Nimefungua droo nikakuta ncha niliyoihifadhi mwaka mzima ina njia za mdudu kutoka upande huu hadi ule. Pembe inamfaa mtu mwenye viko vitano anayepumzisha kila kimoja, anayeipaka mafuta kidogo kila mara. Mtu mwenye kiko kimoja cha kila siku, aliyeko kwenye zizi la ng'ombe, haimfai.

Utaniuliza, na mpingo je, mbona hapa Nairobi wachongaji wamejaa? Nami nilijaribu. Mpingo ni mgumu na mzuri, lakini ukiuchonga mwembamba wa kuingia menoni unapasuka kwa kufuata nyuzi zake. Watengenezaji wa zumari ile ya Kizungu, klarineti, walikwisha kuligundua hilo: mwili wanaufanya kwa mpingo, mwingi wake wa Tanzania na Msumbiji, lakini ile sehemu ya mdomoni kwa kawaida ni ebonaiti.

Basi jibu langu kwako ni ebonaiti, na sababu ni moja tu uliyoiandika mwenyewe bila kuitilia uzito: baba mdogo hubana kiko kwa meno akiwa mikono kazini. Kama angekuwa na tabia ya baba yako, ya kuketi na kukishika, ningekuambia chukua akriliki usahau mambo ya jua. Muuzaji alikueleza tabia ya vitu hivyo. Tabia ya mtu atakayekitumia unaijua wewe.

Ukienda kwa fundi, peleka kiko chenyewe, usipeleke vipimo kwa simu. Akipime kwa kalipa tundu la shingo, na ulimi aupunguze kidogo kidogo, akijaribu kila mara. Ulimi mzuri huingia kwa kuzungushwa kwa vidole viwili bila kusukumwa. Ukiona anausukuma kwa kiganja mzuie, maana shingo ya mbao hupasuka kwa namna hiyo, na hapo ndipo urithi unapoharibika kweli. Tundu la moshi liwe milimita 4 hivi tangu mwanzo hadi karibu na ukingo, kisha lipanuke kwa ubapa, na ule waya laini wenye pamba wa kusafishia upite kutoka mdomoni hadi borini bila kukwama. Mwombe ajaribu mbele yako. Kujua kama amekupa ebonaiti ya kweli, isugue kwa kitambaa cha sufu kwa nguvu mpaka ipate joto, halafu inuse: itakutolea harufu ndogo ya salfa. Ukiona mstari mwembamba wa kalibu ubavuni, kama kwenye peni za bei rahisi, hiyo huenda ni plastiki ya kumiminwa, mrudishie.

Na kama mtaamua kinyume cha ushauri wangu, kwamba baba mdogo atumie ile ile ya mzee, tundu linazibika. Chukua unga laini wa makaa, uchanganye na gundi ya supa glu mpaka uwe uji mweusi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, upake mafuta mazito ya kujipaka, uuingize ndani ya tundu la moshi ili gundi isilizibe. Weka uji ule juu ya tundu, acha siku nzima, halafu vuta karatasi na upige tupa, kisha msasa namba 400, 800, hadi 2000 ukiulowesha maji. Malizia kwa nta ya nyuki. Usiiloweke kwenye dawa ya kung'arishia nguo, hata ukiambiwa na nani. Inaula uso wa ebonaiti ukawa na vinyweleo. Ukiipiga tupa na msasa hivyo, alama za meno zitakwenda pamoja na ule ukijani. Ndiyo maana nimeanza na swali.

Mwambie baba mdogo mambo mawili: aifute kwa kitambaa kila akimaliza, na asiivue shilamu kiko kikiwa na moto.

SWALI

Fundi, mimi nina kiko cheupe chepesi kilichovikwa ngozi, chini yake kuna alama ya ndovu. Nilikinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama. Kiliniponyoka kikaanguka kwenye sakafu ya simiti, mwili ukapona lakini shilamu ikavunjika na kipande kimebaki ndani ya shingo. Nimejaribu kukivuta kwa koleo nimeshindwa. Je, nikitupe? Na nikipata shilamu mpya, iwe ya nini?

Msomaji, South C

JIBU

Usikitupe, na hiyo koleo iweke chini. Ulicho nacho ni kitu cha kwetu. Jiwe hilo jeupe huitwa mishamu, jina la Kijerumani lenye maana ya povu la bahari, kwa kuwa ni jepesi mno. Wengi wanajua lile la Uturuki, kutoka Eskişehir. La kwetu lilichimbwa kandokando ya Amboseli, upande wa mpakani, na Arusha ya enzi za Tanganyika ilikuwa na kampuni iliyotengeneza viko hivyo, ikavipa jina lenyewe la Kiswahili, Kiko, na alama ya ndovu. Vingi vilivikwa ngozi kama chako. Kila kinapoingia kimoja hapa kwenye meza yangu naacha kazi nyingine.

Mishamu ikilowa hulainika, kisu kinaweza kuikata. Kwa hiyo usitie maji, wala mafuta ya kulainisha, wala mvuke. Kifunge kiko chote kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha unyevu, ukiweke kwenye friza nusu saa. Baridi huufanya ule ulimi wa ebonaiti unywee kidogo, ukaachia. Kikitoka, chukua parafujo ya mbao, nyembamba, yenye meno makali, uizungushe kwa vidole ndani ya tundu la moshi la kile kipande kilichobaki. Ikishika mizunguko miwili inatosha. Ukizidisha itaupanua ulimi na kuipasua shingo. Kisha vuta kwa mstari ulionyooka huku unazungusha kidogo upande ule ule. Mara nyingi hutoka kwa mlio mdogo, tk, na ukiusikia utaukumbuka. Usipotoka, rudisha friza. Mara tatu ukishindwa, mletee fundi atoboe kwa keekee ya mkono, si ya umeme.

Kuhusu shilamu, zamani viko vya mishamu huko Ulaya vilipewa shilamu za kaharabu, na ukiziona utatamani. Kaharabu ni utomvu wa misonobari ulioganda kwa mamilioni ya miaka. Ni nzuri kuliko vyote nilivyotaja leo, na ikianguka kwenye simiti inavunjika kama gilasi. Wewe umekwisha kuniambia una sakafu ya simiti.

Kwako nasema akriliki, na ulimi usiwe wa akriliki yenyewe. Mwambie fundi aikate shilamu bapa, aitoboe, apachike ulimi wa ile plastiki nyeupe ngumu yenye utelezi iitwayo delrini, inayotengenezewa meno ya gia ndogo. Delrini haivunjiki kwa urahisi, na inateleza kwenye shingo bila kuisaga. Kikianguka tena, na viko huanguka, utakuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona. Rangi chagua ya asali. Ngozi ya zamani na rangi ya asali vinapendana sana.

SWALI

Shikamoo fundi. Nina umri wa miaka 68, na mwaka huu nimewekewa meno ya bandia, juu na chini. Kiko changu kina shilamu ya akriliki. Kila nikikishika kwa meno kinateleza, na meno yanatoa mlio. Je, nibadilishe? Na ni kweli kwamba shilamu ndefu hupunguza madhara ya moshi?

Msomaji, Ngara

JIBU

Marahaba, ingawa kwa umri huo mimi ndiye ningetangulia kukuamkia.

Mlio huo una sababu ambayo itakushangaza. Ufizi wa meno yako ya bandia ni akriliki, na mara nyingi meno yenyewe pia. Unagonganisha kitu na ndugu yake. Kabla ya miaka ya 1930 na 1940 ungekuwa na ufizi wa ebonaiti, maana meno ya bandia yalitengenezwa kwa mpira ule mgumu tangu miaka ya 1850. Vitu hivi viwili vimefuatana vinywani mwa watu kama vilivyofuatana kwenye viko.

Badilisha uweke ebonaiti, kisha juu yake vaa kofia ndogo ya mpira laini. Hizo huuzwa kwa wauza vifaa vya viko, au fundi anaweza kukukatia kutoka kwenye mpira wa bomba la hospitali unaoishika shilamu vizuri. Kofia inashika meno, haitelezi, na ikichakaa unaitupa. Lakini bora kuliko hilo, kishike kwa mkono. Meno ya bandia hukaa juu ya ufizi. Kiko kinachoning'inia mbele kinayainua nyuma, na hicho ndicho unachokiona wewe kama utelezi. Uzito wake ni gramu 40 au 50, lakini uko mbali na taya, kama ndoo iliyoshikwa mkono ukiwa umenyooshwa.

Juu ya shilamu ndefu: moshi unapoa kidogo ukisafiri, ulimi hauchomwi sana. Sumu iko pale pale. Hakuna ebonaiti, akriliki wala pembe inayoichuja. Wanaovuta kiko wengi hawaushushi moshi mapafuni, na hudhani wamesalimika, lakini saratani ya mdomo, ya ulimi na ya koo huwafuata hata hivyo, na midomo inakaa karibu na moshi huo kuliko kiungo kingine chochote. Mimi natengeneza viko kwa sababu navipenda kama kazi ya mkono, na kila anayeniuliza juu ya moshi namwambia hivi hivi. Tena nje ya nyumbani kwako, sheria ya mwaka 2007 haikuruhusu kuvuta mahali pa watu wote.

Kwa kuwa una meno mapya, vidonda vya kusuguliwa ni vya kawaida miezi ya kwanza, na ndiyo hatari: mtu hudhani kila kidonda ni cha meno. Kikizidi wiki mbili bila kupona, au ukiona baka jeupe au jekundu pale shilamu inapokaa, usilisubiri. Nenda kwa daktari wa meno umwonyeshe, na umwambie waziwazi kwamba unavuta kiko na kwa upande upi wa mdomo. Ya kofia, pima upana wa ukingo wa shilamu kwa rula, uniandikie kwa milimita.